Kahawa Shavuni mwa Bibi

Asubuhi ya tatu wodini, Annastella aliamka kabla shangazi yake hajamgusa bega. Alikunja mkeka walioulalia kando ya kitanda cha Bibi, akanawa uso bombani, akarudi na ndoo nusu ya maji. Tayari alikuwa mwenyeji. Alijua saa ya kufagia na saa ya uji, na alijua dirisha lipi lisiguswe kwa sababu likifunguliwa linapiga kelele na kuamsha wodi nzima ya kina mama.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, na likizo ilimkuta nyumbani kwao Kimwani, wilaya ya Muleba. Shangazi Immakulata alipomleta Bibi Agnetha hospitalini mjini Bukoba, alimchukua na Annastella ili amsaidie kuchota maji na kuosha vyombo. Lakini ndani ya siku mbili mtoto alikuwa amepanda cheo, tena bila kumwomba mtu.

Cheo chenyewe kilikuwa ukalimani. Nesi wa zamu ya asubuhi, Nuriat, alikuwa amehamishiwa Bukoba kutoka Tanga miezi mitatu tu iliyopita. Kihaya chake kilikuwa salamu, asante na swali la kama panauma, basi. Bibi Agnetha naye alisikia Kiswahili kwa mbali, hasa kikisemwa haraka. Kwa hiyo Nesi Nuriat alipotaka kumuuliza Bibi jambo, alimwita Annastella. Siku ya pili akawa anamwita hata kwa ajili ya wazee wa vitanda vingine, na Annastella alikuja kifua mbele, akitafsiri huku wagonjwa wakisema mtoto huyu amesoma. Kusema kweli, sifa zilikuwa zimeanza kumpanda kichwani.

Bibi Agnetha alikuwa na uvimbe tumboni. Kwa mwaka mzima ulimnyima usingizi, ukamtoa shambani, ukamfanya atembee ameinama huku ameshika ubavu. Juma hilo madaktari bingwa walikuja hospitalini kwa siku tano tu, Jumatatu hadi Ijumaa, na Bibi aliandikwa mtu wa nne katika orodha ya Alhamisi. Waliambiwa wazi kwamba madaktari hao hawatarudi mpaka mwakani. Leo ndiyo ilikuwa Alhamisi, na juu ya kitanda cha Bibi kilining'inia kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: ASILE, ASINYWE.

Saa kumi na mbili na nusu, Shangazi Immakulata aliitwa maabara akatoe damu ya akiba ya kumwongezea Bibi ikihitajika.

"Kaa na bibi yako," alimwambia Annastella. "Hali kitu, hanywi kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Shangazi hajafika mbali, saa ya kutazama wagonjwa ikafika, na wa kwanza kuingia alikuwa Mama Derick. Huyu alikuwa jirani yao Kimwani kabla hajahamia Kibeta, hapohapo mjini. Alimsalimia Bibi kwa magoti na kwa Kihaya, kama walivyosalimiana miaka yote, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimeambiwa leo huli, kwa hiyo ndizi zangu za kupika, ebitoke, nimeziacha nyumbani," alisema. "Lakini mikono mitupu siwezi kuja nayo, waitu mama."

Akafungua jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na emwani, kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na maganda yake kisha ikakaushwa mpaka ikawa nyeusi. Harufu yake ilifika mpaka kitanda cha tatu.

Kwa Wahaya wa Kimwani, kahawa ya namna hii ndiyo heshima ya kwanza baina ya watu. Ukienda kwa mtu anakupa, na ukienda kumwona mgonjwa unambebea. Anayeikataa amemkataa aliyeileta. Bibi Agnetha, ambaye katika maisha yake yote hajamkataa mtu, alinyoosha mkono, akatupia mdomoni punje tatu, na zilizobaki akazifunga kwenye pindo la khanga yake.

"Bibi, umeambiwa usile," Annastella alinong'ona.

"Nani anakula?" Bibi alishangaa kwelikweli. "Hiki ni chakula? Hii ni emwani, omwana wange. Imewahi kumshibisha nani?"

Kwa Bibi, kutafuna kahawa hakukuhesabiwa kuwa kula, kama vile kusalimia kusivyohesabiwa kuwa kuhutubia. Hata siku za kufunga za Kwaresima, wazee aliowajua waliitafuna wala hawakujiona wamefungua. Labda Bibi alikuwa sahihi. Lakini kile kipande cha boksi chenye wino mwekundu kilimtazama.

Saa moja na dakika ishirini Nesi Nuriat aliingia karibu akikimbia, faili mkononi. Mwenzake wa zamu alikuwa mgonjwa, na wagonjwa ishirini wote walikuwa juu yake.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Yuko maabara, anatoa damu."

Nesi Nuriat alitazama saa, akatazama mlango, akapumua. "Basi nisaidie wewe, mdogo wangu. Hii ni fomu ya ridhaa. Mwambie Bibi kwamba watampasua tumbo watoe uvimbe. Uvimbe umeshikana na kizazi, kwa hiyo watatoa na kizazi. Anaweza kupoteza damu nyingi, ndiyo maana tumeweka damu ya akiba. Ana haki ya kukubali au kukataa, na akiwa na swali lolote aulize."

Annastella alihisi masikio yanawaka moto. Kizazi! Alitamkeje neno hilo mbele ya bibi yake, tena Mama Derick amekaa palepale ametega masikio? Na hiyo haki ya kukataa, kwa Kihaya cha adabu, ilisemwaje? Alijua Kihaya cha kuchota maji na kuchuma maharage. Hiki kilikuwa Kihaya cha watu wazima. Lakini kukiri kwamba hajui, yeye mkalimani wa wodi nzima, hakuweza.

"Bibi," alisema kwa Kihaya, "wanasema watakupasua tumbo watoe uvimbe. Weka dole gumba hapa."

Bibi alitoa dole gumba.

"Mbona maneno yangu yalikuwa mengi na yako machache hivyo?" aliuliza Nesi Nuriat huku akifungua kibweta cha wino.

"Kihaya ni kifupi, Nesi."

Nesi Nuriat alicheka kwa uchovu, akakishika kidole cha Bibi, akakibana kwenye karatasi. Kisha akauliza swali la mwisho. "Muulize, tangu jana saa mbili usiku amekula au kunywa kitu chochote?"

Annastella aliuliza. Aliona ulimi wa Bibi ukisukuma kahawa kwenye shavu la kushoto, na aliona macho ya Bibi yakimkazia.

"Sijala kitu," alisema Bibi.

"Anasema hajala."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Nesi Nuriat aliandika kwenye faili kwamba mgonjwa hajala wala hajanywa, akaandika saa, akatia sahihi, akaondoka. Mama Derick naye aliaga. Punde mbeba machela akaja kumchukua mgonjwa wa kwanza.

Katika kitanda kilichopakana na cha Bibi alilala msichana wa mjini aitwaye Mariamu, ambaye alikuwa wa tatu katika orodha. Nesi Nuriat alipopita tena, Mariamu alimlalamikia. "Nesi, njaa inaniua. Hata uji mwepesi, jamani?"

"Hapana, mpenzi. Ukilala kwa dawa ya usingizi, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda, na kilichomo mdomoni kinaweza kuteleza, kikaingia kwenye mapafu. Wewe huwezi kukohoa, huwezi kusema. Mtu anaweza kufa mezani kwa kitu kidogo tu."

Nesi aliyasema hayo kwa upole, akaenda zake. Hakujua kwamba mtoto aliyekuwa anafuta kabati pembeni alikuwa ameacha kufuta.

Annastella alipiga magoti kando ya kitanda. "Bibi, iteme. Tafadhali. Nimemsikia Nesi, anasema ni hatari."

"Nyamaza." Bibi alifungua pindo la khanga, akatoa punje nyingine. "Hii inanipunguzia woga. Na ukisema, unajua watafanya nini? Watanifuta. Madaktari wanaondoka kesho. Nitarudi Kimwani na tumbo hili mpaka mwakani, kama mwakani nitakuwepo. Ndicho unachotaka?"

"Hapana, Bibi."

"Basi."

Hapo ndipo Annastella alipokwama. Akisema, Bibi anakosa upasuaji. Asiposema, Bibi anaweza kufa. Na kwa vyovyote vile ingejulikana kwamba yeye ndiye aliyesema hajala. Machela ikarudi, ikamchukua mgonjwa wa pili. Annastella alikimbia mpaka maabara kumtafuta shangazi yake, akaambiwa amepata kizunguzungu baada ya kutoa damu na amelazwa, asisumbuliwe kwanza. Alirudi wodini. Wakamchukua Mariamu. Sasa kati ya Bibi na mlango wa upasuaji hapakuwa na mtu.

Saa nne na nusu machela ilirudi tupu. Bibi alivishwa gauni la kijani na kofia ya kitambaa, akapanda machela mwenyewe akisaidiwa na Nesi Nuriat. Khanga yake alimkabidhi Annastella. Lile pindo halikuwa na fundo tena. Annastella alilipapasa mara mbili, akapata unga mweusi tu. Akamtazama Bibi usoni, akaliona lile shavu la kushoto limetuna kidogo.

Alitembea kando ya machela kwenye ukumbi mrefu, ameshika chuma chake. Mbele yao palikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na baada ya mstari, mlango wa chumba cha upasuaji. Mbeba machela alimwambia mtoto aishie hapo. Magurudumu ya mbele yakavuka mstari.

"Nesi!" Annastella alipiga kelele. "Nesi, simama! Bibi ana kahawa mdomoni!"

Machela ilisimama. Nesi Nuriat aligeuka. "Kahawa gani?"

"Ya kutafuna. Ametafuna tangu saa moja, na mpaka sasa anayo shavuni. Nilijua, Nesi. Nilikudanganya."

Nesi Nuriat alivaa glavu, akamwonyesha Bibi kwa ishara afungue mdomo, akapitisha kidole ndani ya shavu. Zilitoka punje mbili na ganda moja. Aliziweka kwenye kiganja chake, akazitazama, na rangi ikampotea usoni.

Mtaalamu wa dawa ya usingizi, Bwana Rwekaza, alitoka mlangoni akiwa amevaa barakoa. Alielezwa kwa maneno machache. "Huyo leo simlazi," alisema. "Mrudisheni wodini. Leteni anayefuata."

Bibi hakuhitaji mkalimani kuelewa hilo. Alimtazama mjukuu wake. "Umenichongea," alisema kwa Kihaya, polepole. Kisha akageuza uso ukutani, na njia nzima ya kurudi hakuugeuza tena.

Katika ofisi ndogo ya wodi, Nesi Nuriat alikaa mezani akalifungua faili la Bibi. Annastella alisimama kando ya meza akilia bila sauti. Aliyaona yale maandishi ya asubuhi: hajala, hajanywa.

"Nesi, si uyafute tu?" alisema. "Andika mengine. Nitasema kosa ni langu mimi, hawatakufukuza."

"Sifuti, Annastella." Nesi Nuriat alichukua rula, akachora mstari mmoja mwembamba juu ya maneno yake. Maneno yalionekana bado, kila herufi. Pembeni akaandika ukweli wote, saa na jina lake, akatia sahihi. "Faili la mgonjwa halifutwi. Likitokea la kutokea, hata hakimu anaweza kuliomba alisome. Na daktari wa kesho atalitegemea hili hili. Nikificha kosa langu humu, ni bibi yako atakayelilipia."

Akavuta karatasi nyingine, fomu ya kuripoti kosa, akaanza kuandika. Annastella alisoma kwa juu mstari wa kwanza: Nilimtumia mtoto wa miaka kumi na miwili kumtafsiria mgonjwa.

Annastella alizidi kuogopa. Nesi huyu mpole angefukuzwa kazi kwa sababu yake. Na bado kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amelisema.

Wakati huohuo Sista Gaudiosa aliingia. Ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene wa Kihaya kutoka Nshamba, mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye hata madaktari walimsalimia kwanza. Alisoma faili, akasoma ripoti, akavua miwani.

"Kuna lingine?" aliuliza.

"Hakuna, Sista," alijibu Nesi Nuriat.

"Lipo," alisema Annastella. "Ile fomu ya asubuhi. Sikumwambia Bibi kuhusu kizazi. Wala kwamba anaweza kukataa. Niliona aibu, na maneno mengine siyajui kwa Kihaya. Nikamwambia tu aweke dole gumba."

Nesi Nuriat alifunika mdomo kwa mkono.

"Kwa hiyo," alisema Sista Gaudiosa, "angetolewa kiungo cha mwili wake bila kukubali. Kidole chake kipo kwenye karatasi, lakini yeye mwenyewe hayupo. Nuriat, ridhaa hiyo si kitu. Sheria haiitambui, na mimi siitambui."

"Najua, Sista. Ni kosa langu, si la mtoto. Nilikuwa na haraka."

"Wagonjwa ishirini na muuguzi mmoja, naliona. Nitalisema kwa mganga mkuu leo leo, maana nalo ni kosa, na ni letu sisi wakubwa. Lakini uchache wetu haumpunguzii mgonjwa haki yake. Mimi nilikuwa chumba cha tatu. Ungeniita." Aliikunja ile fomu. "Ripoti yako nitaipeleka kama ulivyoiandika."

Kisha akamgeukia Annastella, na sauti yake ikashuka. "Wewe nenda ukakae. Sasa ngoja nikamwombe daktari."

Mchana ule ulikuwa mrefu. Orodha ya Ijumaa ilikuwa imejaa, watu wanane, na hakuna aliyejua kama Daktari Kamala, mkuu wa wale mabingwa, angekubali wa tisa. Shangazi Immakulata alirudi amejishika ukuta, akasimuliwa, akakaa chini kwenye mkeka. Alianza kumgombeza Annastella, akaishia njiani.

"Nilikuachia mzigo usiokuwa wako," alisema. "Nikasirike nawe vipi?"

Lakini Annastella alipompelekea Bibi maji ya kunawa, Bibi alinawa bila kumtazama. Alipomfunika shuka, Bibi aliivuta mwenyewe. Kila viatu viliposikika ukumbini, Annastella alisimama akidhani ni Sista, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Alijuta kwamba amesema, kisha akajuta kwamba alichelewa kusema, kisha akaanza tena mwanzo.

Saa kumi alasiri Sista Gaudiosa alikuja akiwa na Daktari Kamala. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alimpapasa Bibi tumbo, akasoma faili, akakaa kidogo kwenye ule ukurasa wenye mstari.

"Kesho atakuwa wa mwisho," alisema. "Asitie kitu chochote mdomoni, hata jani. Na sitashika kisu mpaka nione fomu mpya."

Daktari alipoondoka, Sista alivuta pazia kuzunguka kitanda, akakaa karibu na Bibi. Akamsalimia kwa Kihaya cha nyumbani, akamuuliza ni nani angependa awepo wakati wakizungumza.

"Immakulata," Bibi alijibu. "Huyo mdogo atoke."

Annastella alitoka akasimama barazani. Maneno yalimkata, lakini alielewa kwamba Bibi ana haki ya kuchagua. Hakusikia yaliyosemwa. Yalichukua muda mrefu, zaidi sana ya yale ya kwake ya asubuhi. Mara Bibi akauliza jambo, Sista akajibu. Akauliza tena. Hatimaye Bibi, ambaye hakuwahi kujua kunong'ona, alipaza sauti mpaka barazani.

"Kizazi? Basi ndicho mlichokuwa mnanificha? Nimezaa watoto saba, nina miaka sitini na minane, nakitunzia nani? Wakichukue!"

Wodi nzima ilicheka. Annastella naye alicheka huku machozi yakimtoka.

Ijumaa haikuwa nyepesi. Bibi aliingizwa saa nane mchana, na safari hii Bwana Rwekaza mwenyewe alimkagua mdomo kwa tochi. Annastella na shangazi yake walikaa kwenye benchi nje ya mstari mwekundu. Shangazi alisali rozari. Annastella alijaribu kusali, akapoteza hesabu, akaanza upya. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Walipoona chupa ya damu inapelekwa ndani mbiombio, Shangazi alimshika mkono akaubana mpaka ukauma.

Saa kumi na nusu mlango ulifunguliwa. Daktari Kamala alishusha barakoa. "Alipoteza damu kiasi, tukamwongezea. Uvimbe umetoka wote. Anapumua vizuri."

Shangazi Immakulata alikaa chini palepale sakafuni.

Kesho yake asubuhi Bibi alikuwa amefumbua macho sawasawa. Midomo ilikuwa imemkauka, sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Sista Gaudiosa alikuja na Nesi Nuriat kukagua kidonda. Annastella alijibanza nyuma ya shangazi yake. Alikuwa amesikia kwamba Nesi amepewa onyo la maandishi. Hakufukuzwa, na kuanzia Jumatatu zamu yao ingeongezewa muuguzi mmoja.

"Sista," alisema Bibi, "kwenye karatasi zangu hizo mmeandika nini? Juzi niliweka kidole bila kujua. Leo nataka kujua kila kitu."

"Ni haki yako," alisema Sista. Akavuta kiti, akafungua faili mwanzo kabisa, akawa anamsomea kwa Kihaya, mstari kwa mstari. Alifika kwenye ukurasa wa Alhamisi. "Hapa Nuriat aliandika kwamba hujala. Kisha mjukuu wako akasema kweli. Nuriat akachora mstari, akaandika: mgonjwa alikuwa na kahawa mdomoni, mimi sikuuliza ipasavyo, kosa ni langu. Akaweka jina lake."

"Ameliandika mwenyewe? Bila kulazimishwa?"

"Ego, ndiyo. Mwenyewe."

Bibi alimwashiria Nesi Nuriat asogee, akamshika mkono. "Mwambieni," alisema, "dawa yoyote atakayonipa huyu msichana, nitaimeza bila kuuliza."

Sista Gaudiosa alimtafsiria Nesi mwenyewe, neno kwa neno. Nesi Nuriat aliinama kurekebisha shuka ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Naye Bibi akageuza kichwa, akamtafuta Annastella kwa macho.

"Njoo hapa. Juzi pale mlangoni nilitamani nikuchape. Sista amenieleza ile punje ingekwenda wapi nikiwa nimelala." Akamshika shavu. "Ungenisikiliza mimi, jana mngekuwa mnachimba kaburi Kimwani."

Annastella aliangua kilio mbele ya watu wote, na safari hii hakujali. Sista alimsubiri atulie.

"Umemsikia bibi yako?" alimwambia. "Nuriat alikosea, na anaaminiwa kuliko juzi. Muuguzi ameapa na ana leseni, lakini wagonjwa hawasomi leseni. Wanamtazama kama anawaambia kweli, kama anawauliza kabla ya kuwagusa, na kama akikosea anasema. Nawe ni vivyo hivyo, hata kama hujavaa sare. Usilolijua, sema hulijui. Ulilolikosea, liseme mapema, kabla machela haijafika mlangoni."

"Ndiyo, Sista," alisema Annastella.